Geji Inayochelewa Kuamka

Mlinganishi alihakiki geji mia nne kwa saa moja, na hakuwahi kukosea hata moja. Hivyo ndivyo lilivyosema bango lililotundikwa juu ya kioo chake, na hivyo ndivyo walivyoambiwa wageni wote waliopitishwa kumtazama. Alikuwa mtambo wenye ukubwa wa chumba cha kulala, aliyefungiwa ndani ya kioo kinene, mwenye mikono kumi na sita myembamba. Kila mkono uliokota geji-kina, kile kifaa kidogo cha kuvaa mkononi kinachomwambia mzamiaji yuko mita ngapi chini ya maji. Uliichomeka kwenye tundu lake, ukaibana kwa hewa iliyoshindiliwa mpaka mgandamizo wa mita mia moja, ukaushusha mgandamizo huo polepole hadi sifuri, kisha ukaifunga geji kwa lakiri ya mwanga. Lakiri hiyo ilikuwa utepe wa kijani uliozunguka ukingo wa geji. Mtu akithubutu kuigusa kwa bisibisi, inazimika, na aliyeigusa anasimamishwa kazi siku hiyo hiyo.

Nje ya kioo alisimama Sikudhani Ruhaga. Kabla Mlinganishi hajaletwa, huyu mama alikuwa ndiye mhakiki wa geji wa bandari ya Kigoma kwa miaka ishirini na sita, akipandisha vyuma vya uzito kimoja kimoja juu ya mizani ya pistoni, amevaa glavu nyeupe ili jasho la vidole lisiongeze hata chembe. Sasa kazi yake ilikuwa kubonyeza kidole gumba kwenye kioo kila kundi la geji linapokamilika. Kwa siku alibonyeza mara nane. Waliita hiyo kupandishwa cheo.

Geji zote zilikuwa za njia-mbizi. Ziwa Tanganyika ni refu kwenda chini kuliko nguzo yoyote inayoweza kusimamishwa, kwa hiyo wajenzi walilaza bomba kubwa la treni ndani ya maji yenyewe, mita arobaini chini ya uso, likining'inia kwenye maboya kutoka Kigoma mpaka Kalemie. Abiria alipanda treni asubuhi na kunywa chai ya saa nne ng'ambo ya pili, Kongo. Ilikuwa kazi ya ajabu, hakuna wa kubisha. Ila vifungo vya bomba lile vilishikwa na konokono na ukoko mgumu wa chokaa, na roboti hazikuweza kutofautisha konokono na nati. Zilikaza konokono. Kwa hiyo walirudishwa binadamu, wazamiaji thelathini kwa zamu, wenye spana na tochi.

Na katika miezi minane tangu Mlinganishi aanze kazi, wazamiaji kumi na mmoja walikuwa wametoka majini wakiwa wagonjwa. Wengine walishikwa na maumivu ya viungo yaliyowafanya walie kama wanawake wanaojifungua. Wawili walipoteza uwezo wa kusikia. Mmoja, Bihemo, mzamiaji mwenye uzoefu wa miaka kumi na tisa, alipooza kuanzia kiunoni kwenda chini. Bihemo alikuwa mume wa Sikudhani.

Ni ugonjwa wa mapovu. Mtu akikaa chini sana, hewa anayopumua hujipenyeza ndani ya damu na nyama kwa nguvu ya maji. Akipanda bila kupumzika njiani, hewa hiyo hutoka kwa fujo, kama soda iliyotikiswa ikafunguliwa ghafla. Ndiyo maana geji-kina haionyeshi kina tu. Inapanga vituo vya kupumzika, na inamruhusu mzamiaji kutoka pale tu inapohesabu kwamba mwili wake uko tayari kwa hewa ya juu. Wote kumi na mmoja walipumzika kama walivyoamriwa. Kumbukumbu za geji zilionyesha hivyo, dakika kwa dakika.

Basi Shirika la Njia-Mbizi likafanya hesabu yake. Geji hazikosei. Mpango wa vituo haukosei. Aliyebaki ni mzamiaji. Taarifa kumi na moja zikaandikwa, na kila moja iliishia na sentensi ile ile: chanzo ni uzembe wa kujitakia wa mhusika. Mmoja aliambiwa alikunywa pombe, mwingine kwamba hakulala, mwingine kwamba alikula sana. Kulikuwa na mzee wa watu, mtu wa sala, ambaye maishani mwake hakuwahi kunusa hata kifuniko cha bia. Naye aliandikiwa pombe.

Siku hiyo, saa tano asubuhi, Gwasa aliingia chumba cha Mlinganishi bila kubisha hodi. Alikuwa nyapara wa zamu ya mchana, mtu mnene wa mabega, aliyezoeana na Bihemo tangu ujana wao.

"Shemeji," alisema, akaweka geji juu ya meza. "Nataka unisikilize, usinitazame kama wanavyonitazama wale wa ghorofani."

"Nakusikiliza, shemeji."

"Geji hizi zinachelewa kuamka."

"Zinachelewa vipi?"

"Naingia majini, maji yananifika magotini, geji sifuri. Kiunoni, sifuri. Kifuani kabisa, mkono nimeunyoosha chini, bado sifuri. Nikizama kichwa ndiyo inashtuka, inaanza kuhesabu. Nimewaambia juu mara tatu. Wananiambia ni sehemu ya mita tu, si kitu. Nimemwambia Mhandisi Lutengano kwa mdomo wangu, akanijibu kwamba Gwasa, mtambo huu una akili kuliko ukoo wako wote."

"Alisema hivyo?"

"Alisema hivyo akiwa anacheka. Mimi sikucheka."

Sikudhani aliichukua ile geji, akaitazama sifuri yake iliyotulia. Alijua. Alijua mara moja, na hasira yake ya kwanza ilikuwa kwamba amejua kwa urahisi namna ile.

"Zamu yako inazama saa ngapi leo?" aliuliza.

"Saa tisa. Wageni wanakuja kuona taa mpya za bomba. Tunazama wote thelathini."

"Usimruhusu mtu aguse maji mpaka nije."

"Nikiulizwa?"

"Sema mhakiki amekataza."

Gwasa alimtazama kidogo, akatoka. Sikudhani akakigeukia kioo.

"Mlinganishi, geji hizi unaziwekea sifuri wapi?"

Sauti ilikuwa ya upole, ya mtu asiyewahi kuchelewa popote. "Ndani ya kioo hiki, katika hewa sanifu ya usawa wa bahari."

"Kigoma kuna bahari?"

"Kigoma hakuna bahari. Hewa ndani ya kioo hushindiliwa mpaka ilingane na hewa ya pwani, ili geji zote nchini zisome sawasawa."

"Na hapa nje niliposimama mimi?"

"Hapo nje hewa ni nyepesi kwa karibu sehemu moja ya kumi na moja. Uso wa ziwa uko mita mia saba na sabini na tatu juu ya bahari."

"Kwa hiyo geji ikiwa juu ya maji ya Kigoma inasoma nini?"

"Inasoma chini ya sifuri. Kioo cha geji hakionyeshi namba chini ya sifuri, ili kisimchanganye mtumiaji. Huonyesha sifuri."

Ilisema hivyo bila aibu yoyote, na kwa nini ione aibu? Sikudhani alishika ukingo wa meza. Kwa miaka ishirini na sita, kila mzamiaji wa Kigoma alikuwa na desturi moja kabla ya kuzama. Aliingia majini mpaka kifuani, akatoa bisibisi ndogo iliyofungwa shingoni, na kuiweka geji yake sifuri yeye mwenyewe, mahali pale pale, asubuhi ile ile. Waliita kuisalimisha geji kwa ziwa. Vijana wa kutoka pwani waliona ni ushirikina na walipiga picha za kuwachekea nazo. Haikuwa ushirikina. Geji iliyosalimishwa ilijua hewa ya Kigoma. Geji isiyosalimishwa ilidhani iko Tanga.

"Hatua ya saba iko wapi?" aliuliza. "Katika utaratibu wa zamani kulikuwa na hatua ya saba. Mzamiaji aweke sifuri majini."

"Hatua ya saba iliondolewa siku niliposimikwa. Kanuni yangu ni kwamba hatua isiyo na sababu huongeza muda bila kuongeza usahihi."

"Nani alikwambia haina sababu?"

Kwenye kioo ikatokea fomu. Sikudhani aliitambua kabla hajaisoma. Ilikuwa na hatua arobaini, kila moja na nafasi mbili: hatua yenyewe, na sababu yake. Nafasi ya hatua ya saba ilijazwa vizuri. Kwenye nafasi ya sababu kulikuwa na maneno mawili: Ni kawaida. Chini kabisa kulikuwa na saini yake.

Aliikumbuka siku hiyo. Walikuja vijana sita wa Shirika na vishikwambi vyao, wakamwambia ajaze yote kabla ya saa sita kwa sababu wana ndege ya kurudi. Walimwita Bibi. Mmoja alikaa juu ya mizani yake ya pistoni kama anakaa kwenye kiti. Sikudhani aliijaza fomu ile kwa kuvimba, akiwaza kwamba hawa watoto wanataka nao waelezwe kwa nini mtu ananawa mikono kabla ya kula. Alijua sababu. Angeweza kuiandika kwa mistari mitatu. Hakuiandika kwa kuwa hakutaka kuwapa, na kwa kuwa kila mtu aliyemheshimu alikuwa anaijua tayari. Kisha akaambiwa hatua zote zimo ndani ya mtambo, akaamini, akaanza kubonyeza kidole gumba.

Alisimama pale akijichukia kwa muda ambao Mlinganishi alimaliza geji ishirini. Halafu akapanda ghorofani.

Mhandisi Lutengano alikuwa anakula maandazi huku akitazama ratiba ya wageni. Alikuwa mtu wa miaka thelathini na kitu, mwenye adabu za haraka, aliyekuja Kigoma kwa mwaka mmoja na kuhesabu miezi iliyobaki.

"Mama Sikudhani, karibu. Chai?"

"Sitaki chai. Geji zote zimewekewa sifuri ya bahari."

Alimweleza. Alitumia maneno machache, na Lutengano aliacha kutafuna katikati. Sikudhani alikuwa amejiandaa kubishana, kuchora, kupiga meza. Haikuhitajika. Yule kijana alielewa ndani ya nusu dakika, ikaonekana machoni kwamba ameelewa mpaka mwisho wake, na hilo ndilo lililomkera kuliko yote.

"Kwa hiyo wakiwa kwenye kituo cha mwisho," alisema polepole, "geji inawaambia mko tayari kutoka, lakini hewa inayoihesabia ni nzito kuliko wanayokutana nayo."

"Ndiyo. Na kina chenyewe kinasomeka kifupi, kwa sababu imepangiwa maji ya chumvi, na haya si ya chumvi."

Lutengano alifuta vidole kwa karatasi, kidole kimoja kimoja.

"Sawa. Ni jambo la kurekebishika. Nitatuma marekebisho Jumatatu, yataingia kwenye geji zote yenyewe. Hakuna haja ya kumtia mtu hofu."

"Na leo saa tisa?"

"Leo ni mzamo mmoja, Mama."

"Watu thelathini."

"Tangu tuanze imekuwa mizamo elfu moja na mia mbili, na walioumwa ni kumi na mmoja. Ukitazama hesabu..."

"Mmoja wao nambeba mimi chooni," Sikudhani alisema. "Kila asubuhi. Hiyo nayo iingize kwenye hesabu."

Kijana aliinamisha macho, na kwa kitambo kidogo alionekana kama mtu ambaye angeweza kufanya jambo la maana. Kisha akaivuta kompyuta yake karibu.

"Nisikilize vizuri, maana nakuheshimu. Nikisimamisha mzamo leo, nitaulizwa kwa nini. Nikisema ni geji, wataulizia utaratibu. Wakiufungua utaratibu, wataikuta fomu. Saini iliyoko pale si yangu. Taarifa za wale kumi na mmoja zimeshafungwa. Tukirekebisha kimya kimya, wewe unabaki na kazi yako, mimi nabaki na yangu, na kuanzia Jumatatu hakuna atakayeumia tena. Nani anapata hasara?"

"Wale walioandikwa wazembe."

"Watu husahau."

"Wao hawasahau. Mwanangu aliambiwa shuleni baba yako alilewa akajivunja mgongo. Mimi ndiye niliyekwenda kumchukua, kwa sababu alikuwa amempiga mwenzake na kiti. Na nilimgombeza. Unanielewa? Nilimgombeza yeye."

Sauti yake ilikuwa imepanda, na watu kwenye korido walikuwa wamesimama kusikiliza. Hakujali. Alimwambia Lutengano kwamba ni mwoga, na kwamba uoga wake una adabu nzuri na suruali iliyonyooshwa lakini ni uoga. Alimwambia pia kwamba saini ile ni yake kweli na ataibeba mwenyewe mpaka gatini, asimsumbukie. Akatoka, akauacha mlango wazi.

Gatini, wazamiaji walikuwa wameshavaa. Thelathini, wanaume ishirini na watatu na wanawake saba, wamekaa kwenye kingo za zege na mitungi mgongoni, wakimngoja. Sikudhani hakuja na mtambo wowote. Alikuja na kamba ya katani, futi ya chuma ya mafundi ujenzi, na jiwe.

"Pima wewe," alimwambia Gwasa, akampa futi. "Usiniamini mimi."

Gwasa alipima kamba mita nne kutoka kwenye jiwe, akafunga fundo. Akapima mara ya pili. Sikudhani akaomba geji kumi kutoka kwa watu kumi waliojitolea, akazifunga mduara kwenye jiwe, akalishusha majini mpaka fundo likagusa uso wa ziwa. Alilishikilia pale huku akihesabu hadi sitini. Geji hizi hukumbuka kina kirefu zaidi zilichofika, kwa hiyo alipolivuta jiwe juu hakuhitaji kueleza kitu. Alizipitisha mkono kwa mkono.

"Tatu," alisema mwanamke wa kwanza.

"Tatu."

"Yangu nayo tatu."

Zote kumi zilisoma tatu. Lutengano alikuwa amefika, amesimama nyuma yao na watu wawili wa ulinzi, anahema kidogo kwa kushuka ngazi.

"Kamba si chombo cha uhakiki," alisema. "Jamani, msitishwe na kamba. Mlinganishi anapima mpaka sehemu ya elfu ya mita."

"Anapima sehemu ya elfu," Gwasa alisema bila kugeuka, "na mita nzima imempita."

Kuna waliocheka, kicheko kifupi kisicho na furaha. Sikudhani alingoja kiishe. Kisha akawaeleza. Aliwaambia kuhusu hewa ya pwani ndani ya kioo, na jinsi geji ilivyowaruhusu wenzao kumi na mmoja kutoka majini kabla miili yao haijawa tayari, huku ikiandika kwamba kila kitu kiko sawa. Aliwaambia kwamba hakuna aliyelewa, hakuna aliyefanya uzembe, hata mmoja. Mwanamke mmoja mbele alijifunika uso kwa viganja. Kaka yake alikuwa kati ya wale wawili viziwi.

Angeweza kuishia hapo. Walikuwa wameshaanza kumgeukia Lutengano, na yule kijana alikuwa amerudi nyuma hatua mbili.

"Bado," Sikudhani alisema. "Mtambo uliifuta desturi ya kusalimisha geji kwa sababu fomu ilisema haina sababu. Fomu hiyo niliijaza mimi. Nilitakiwa kuandika sababu, nikaandika ni kawaida. Nilikuwa naijua. Nilikuwa nimewakasirikia watoto wa watu walionikalia mizani, basi nikaona niwanyime. Nimewanyima ninyi."

Boti ya wageni ilipiga honi mbali kidogo, ikiomba kufunga gati.

Gwasa alimsogelea mpaka akawa karibu sana. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Bihemo nilimtoa majini mimi," alisema. "Kwa mikono hii. Alikuwa ananiuliza miguu yangu iko wapi, Gwasa, miguu yangu iko wapi. Na wewe ulikuwa umekasirika kwa ajili ya mizani."

"Ndiyo, shemeji."

"Usiniite shemeji leo."

Akaifungua geji mkononi, akaitupa kwenye ndoo tupu iliyokuwa pembeni. Ililia kwenye bati. Akafuata mwingine, na mwingine, mpaka zikawa thelathini, na hakuna hata mmoja aliyepita mbele ya Sikudhani akamwambia pole au asante. Walivua mitungi, wakakaa chini kwenye zege, wakamgeuzia mgongo Mhandisi na boti ya wageni wake. Siku hiyo hakuzama mtu.

Sikudhani alirudi kwenye chumba cha kioo. Kidole gumba chake kilikuwa na uwezo mmoja ambao Shirika lilisahau kuuondoa: kukataa. Alikataa kundi la siku hiyo, akakataa la jana, akakataa yote mpaka la kwanza kabisa, na tepe za kijani zikazimika kwenye rafu, safu baada ya safu. Mlinganishi aliuliza sababu. Alimwandikia kurasa tatu, akaeleza kila kitu kama anamweleza mtu aliyezaliwa jana, akaandika na jina la Lutengano na saa aliyoambiwa, akaandika na jina lake. Akatuma nakala kwa wakaguzi wa usalama makao makuu, na nyingine kwenye nyumba kumi na moja. Walinzi walipomfuata kumwomba kitambulisho chake cha kazi alikuwa ameshakivua shingoni.

Nyumbani alimkuta Bihemo amekaa dirishani, kwenye kiti chake cha magurudumu, mkono mmoja ukiwa juu ya paja lisilohisi. Alikuwa amepungua. Sikudhani alivuta stuli, akakaa mbele yake, na bila kuvua hata viatu akamweleza yote, kuanzia Gwasa na geji mpaka saini. Hakujipunguzia kitu.

"Kwa hiyo si ile harusi," Bihemo alisema mwishowe.

"Harusi gani?"

"Ya binti wa dada. Ilikuwa Jumamosi. Jumatatu ndiyo nikazama." Aliongea akitazama nje. "Nilicheza sana siku ile. Nilicheza mpaka viatu nikavua. Kwenye taarifa waliandika uchovu wa kujitakia, nami nikaona ni kweli, maana nilicheza. Kila siku nakaa hapa nawaza, Bihemo, ungekaa kwenye kiti kama watu wazima wenzako. Nilimpigia binti mwenyewe nikamwomba radhi kwamba sitakwenda kumwona mtoto, kwa sababu nikiiona ile nyumba nakumbuka nilivyocheza."

"Si harusi, Baba Chausiku."

"Sema tena."

"Si harusi. Hukukosea chochote. Ulipumzika kila kituo kama ulivyoambiwa."

"Tena."

Alisema tena. Alisema mara nne, na kila mara Bihemo aliitikia kwa kichwa kidogo, kama anayepokea vitu na kuvipanga chini mahali. Kisha akayakamata magurudumu kwa mikono miwili. Sikudhani alinyoosha mkono amshike, naye akausogeza pembeni, bila ukali.

"Mama Chausiku," alisema, "nenda kakae nje kidogo. Miezi yote hii nimejikasirikia mwenyewe. Acha sasa nikukasirikie wewe, na sitaki unione."

Sikudhani aliinuka, akatoka, akauvuta mlango nyuma yake. Alikaa kwenye ngazi ya nje, viatu bado viko miguuni, na akamsikiliza mume wake akilia ndani kwa hasira.